Mkulima wa Wastani Hapatikani Moi's Bridge

Msimu wa mavuno, malori na trekta hupanga foleni kwenye ghala la Bodi ya Nafaka pale Moi's Bridge. Gunia ni kilo 90, unyevu usizidi asilimia 13.5. Mahindi yakishapita mzani huwa yote ni sawa. Mashamba yalikotoka hayako sawa hata kidogo.

Hata hivyo ushauri wa kilimo kwa miaka mingi umeandikwa kana kwamba kuna mkulima mmoja tu: mbegu hii, mbolea hii, kiasi hiki kwa ekari. Anayelengwa ni mkulima wa wastani. Lakini mmoja akivuna magunia 30 na jirani yake 6, wastani wao ni 18, na hakuna shamba kati ya hayo mawili lililotoa 18.

Fikra hii ina umri mrefu. Mbelgiji Adolphe Quetelet alimtangaza "mtu wa wastani" mwaka 1835, akimwona kama kielelezo cha binadamu. Mwaka 1950 Jeshi la Anga la Marekani lilipima miili ya marubani wake, na Gilbert Daniels akachukua vipimo 10 vya marubani 4,063 ili aone ni wangapi walio katikati kwa vyote. Hakumpata hata mmoja.

Kwa mahindi ya Kenya, kazi kama hiyo ilifanywa na mwanauchumi Mkenya, Tavneet Suri. Mbegu chotara ya kwanza ya nchi, H611, ilitoka Kitale mwaka 1964, na kwa wastani mbegu chotara huzaa zaidi kuliko za kienyeji. Mbona basi wakulima wengine hawazipandi, na wengine hupanda mwaka huu wakaacha mwaka ujao? Jibu rahisi lilikuwa kwamba hawajaelimika. Suri alichambua takwimu za kaya zilizofuatiliwa kwa miaka kadhaa na Taasisi ya Tegemeo ya Chuo Kikuu cha Egerton, na mwaka 2011 akachapisha jibu tofauti. Waliokuwa wakipanda na kuacha ni wale ambao chotara haikuwaongezea faida yoyote. Walikuwa wamepiga hesabu vizuri. La kuhuzunisha zaidi ni kundi dogo ambalo lingefaidika kuliko wote lakini halikuzitumia, kwa sababu barabara ni mbovu na duka la pembejeo liko mbali. Hao hawakuhitaji semina. Walihitaji barabara.

Mbolea nayo ina mambo yake. Huko Busia, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walijaribu viwango mbalimbali kwenye mashamba ya wakulima wenyewe. Mfumo kamili uliopendekezwa na serikali uliongeza mavuno sana, ila kwa wastani gharama ilimeza faida. Nusu kijiko cha chai cha mbolea ya kukuzia kwa kila shimo ndicho kilicholipa.

Halafu kuna udongo wenyewe. Sehemu nyingi za kaunti za Uasin Gishu na Trans Nzoia zina asidi, na mbolea ya DAP iliyotumika miaka nenda miaka rudi imeizidisha. Asidi ikipanda, alumini huyeyuka na kudumaza mizizi, na fosforasi hushikwa na udongo mmea usiipate. Shamba kama hilo linataka chokaa. La jirani, ng'ambo tu ya ua, huenda halihitaji chokaa hata kiganja, na anayeitia bila kupima anatupa pesa ambazo zingelipa karo.

Ndiyo maana kupima udongo ni jambo la kudai kutoka kwa kila kaunti, si anasa ya wenye ekari mia. Na katika kupima kwenyewe wastani una kazi yake halali: mkulima huchota udongo sehemu nyingi, akauchanganya ndooni, kisha akapeleka kiasi kidogo maabara. Sharti ni kwamba achanganye sehemu zinazofanana tu. Udongo wa mlimani na wa bondeni karibu na mto Nzoia hauingii ndoo moja, na penye kichuguu au palipokuwa na zizi hapachotwi kabisa.