Ng'ombe Anayechechemea

Mvua za kwanza zimenyesha Segese, katika Wilaya ya Kahama. Maksai wanafungwa nira ili wakalime, lakini mmoja wao anachechemea. Maksai akichechemea plau haiendi, na siku za kupanda ni chache. Je, utajuaje ni mguu upi unaouma, na unauma mahali gani?

Kumbuka siku ulipochomwa na mwiba. Mguu ule uliukanyagia kidogo tu, ukauegemea zaidi mguu mzima. Ng'ombe naye hufanya vivyo hivyo. Kwanza mtazame akiwa amesimama. Mguu unaouma hauwekei uzito. Pengine hugusisha chini ncha ya ukwato tu. Kisha mwenzako amswage polepole mahali pagumu, nawe utazame kichwa. Ikiwa mguu wa mbele unauma, ng'ombe huinua kichwa kila anapoukanyagia, na hukiinamisha anapokanyagia ule mzima. Watu wengi hudanganyika hapa. Huona kichwa kikiinama, wakaukamata mguu usio na kosa! Ikiwa ni mguu wa nyuma, tazama nyonga. Upande wenye maumivu hupanda na kushuka zaidi, na mara nyingine mgongo hupinda.

Sasa tafuta mahali penyewe. Anza chini, kwa sababu maumivu mengi ya miguu ya ng'ombe yamo katika kwato, ingawa watu hupenda kuanza begani. Mtu mzima amfunge ng'ombe vizuri. Usichutame nyuma yake, kwani teke la ng'ombe huweza kuvunja mfupa. Tope likisha kuoshwa, tazama kati ya kwato mbili. Huenda pana mwiba, au kipande cha jiwe kali kama yale yanayotupwa kando ya mashimo ya dhahabu. Wakati wa masika tope hulainisha ngozi ya mahali hapo. Vijidudu huingia katika mchubuko mdogo, mguu ukavimba na kunuka vibaya. Weka mgongo wa mkono wako juu ya ukwato, kisha juu ya ukwato wa mguu mwingine. Ulio na joto zaidi ndio mgonjwa.

Ikiwa ukwato ni mzima, endelea juu. Ng'ombe kijana mwenye uvimbe pajani au begani, unaokwaruza ndani ukibonyezwa, huenda ana chambavu, ugonjwa unaoweza kuua kwa siku moja au mbili. Ng'ombe wengi wakianza kuchechemea pamoja, huku wakitokwa na udenda, huenda ni ugonjwa wa miguu na midomo. Huo huenea upesi kutoka zizi hadi zizi. Katika hali hizi mbili bwana mifugo aitwe siku hiyo hiyo, na ng'ombe wasipelekwe mnadani wala lamboni.

Kazi ya kufanya: Jioni, ng'ombe warudipo kutoka malishoni, simama kando ya njia. Tazama vichwa na nyonga zao. Andika katika daftari lako ni ng'ombe yupi anayechechemea, na kwa mguu upi.