Shahada ya Sanaa: Cheti Kibaki, Usaili Uongezwe

Dirisha la udahili linapofunguliwa, kijana anayeomba kusoma sanaa za ufundi au sanaa za maonesho katika chuo kikuu hupimwa kwanza kwa kipimo kilekile anachopimiwa mwenzake anayeomba sosholojia. Kwa kiwango cha chini kilichowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), mhitimu wa kidato cha sita anatakiwa awe amefaulu masomo mawili kwa kiwango cha ufaulu mkuu na kupata jumla ya pointi zisizopungua 4, ambapo A ina pointi 5, B pointi 4, C pointi 3, D pointi 2 na E pointi 1. D mbili zinamfikisha hapo, na vilevile C moja na E moja. Anayepitia njia ya stashahada anatakiwa awe na GPA isiyopungua 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo yasiyopungua manne ya kidato cha nne. Kenya nako mlango wa shahada huanzia wastani wa C+ katika mtihani wa KCSE, kisha hufuata hesabu ya alama za masomo manne yanayohusiana na kozi. Chuo kina ruhusa ya kuongeza masharti yake juu ya haya, na hoja yangu imesimama hapo. Kozi ya sanaa inayomchukua mwanafunzi kwa cheti peke yake imepima nusu ya kazi atakayoifanya. Nusu ya pili haionekani mpaka mwombaji asimame mbele ya walimu na kuonesha kazi.

Tuwachukue waombaji wawili wa tahasusi ya HKL, wote wakiwa na pointi 7. Mmoja amechora tangu darasa la tatu, anajua kuusoma mwanga unavyoangukia uso wa mtu, na daftari zake za shule zimejaa michoro pembeni. Wa pili hajawahi kushika mkaa wa kuchorea, na amejaza kozi hii kama chaguo la tatu baada ya sheria na ualimu. Katika karatasi za udahili, hawa wawili ni mtu mmoja. Matokeo ya Historia, Kiswahili na Kiingereza yanasema kweli kuhusu uwezo wao wa kusoma, kukumbuka na kujenga hoja, lakini hayagusi kabisa mkono, sikio, sauti wala mwili. Hivyo ndivyo vitakavyofanya kazi tangu wiki ya kwanza, kwenye studio ya uchoraji, kwenye chumba cha muziki na kwenye jukwaa la mazoezi. Anayeingia bila kuvijua atatumia mwaka mzima kugundua kwamba kozi siyo aliyodhani, na nafasi aliyoikalia ingeweza kumfaa mwingine aliyeachwa nje kwa pointi moja.

Watu wengi hudhani usaili wa sanaa ni onesho la vipaji, mwombaji afanye makubwa na walimu wapige makofi. Usaili mzuri haufanani na onesho. Katika sanaa za ufundi, waombaji wote huketi kuzunguka vitu vilevile, tuseme mtungi, kiti na kitambaa kilichokunjwa, taa ikimulika kutoka upande mmoja, nao hupewa karatasi, mkaa na muda maalumu. Msaili hatafuti picha ya kupendeza. Anaangalia kama mtungi umesimama wima, kama urefu wa kiti unalingana na urefu wa mtungi, kama kivuli kimetoka upande unaostahili, na kama mwombaji alifuta na kurekebisha alipoona amekosea. Katika muziki, msaili hupiga mdundo kwa viganja na kumtaka mwombaji aurudie, kisha huimba kipande kifupi cha sauti ambacho mwombaji hajawahi kukisikia. Katika tamthilia, mwombaji hutoa maneno ya mhusika aliyoyaandaa nyumbani, halafu msaili humwambia ayarudie maneno yaleyale kana kwamba anayeambiwa ana mtoto mgonjwa aliyelala chumba cha pili. Jaribio hili la pili ndilo lenye uzito. La kwanza linaonesha alichofundishwa au alichokariri, nalo la pili linaonesha kama anasikia maelekezo na kuyageuza kuwa kitendo papo hapo, jambo ambalo mwalimu atamtaka alifanye kila siku kwa miaka mitatu.

Pingamizi la kwanza hutoka kwa wasimamizi wa udahili, nalo ni zito. Alama za mtihani wa taifa hazimjui mtoto wa nani, ilhali usaili hufanywa na binadamu, na binadamu ana upendeleo. Hofu hiyo ni halali, lakini haithibitishi kwamba sanaa haipimiki. Mtihani wa muziki wa KCSE nchini Kenya una karatasi ya vitendo, ya usikivu na ya nadharia, na watahiniwa wake hupata alama za taifa kama wenzao wa Kemia. Bodi ya mitihani ya muziki ya ABRSM ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1889, hugawa alama 150 za mtihani wake wa vitendo kwa uwazi: vipande vitatu vya muziki kwa alama 30 kila kimoja, ngazi za sauti alama 21, kusoma noti papo hapo alama 21 na usikivu alama 18, na kufaulu ni kuanzia alama 100. Upendeleo hupungua kipimo kinapovunjwavunjwa hivi, wasaili wakiwa watatu badala ya mmoja, kila mmoja akiandika alama zake kabla ya kuzungumza na wenzake, huku usaili ukirekodiwa ili mwombaji aliyekataliwa aweze kukata rufaa. Mitihani ya insha nayo husahihishwa na binadamu, wala hatujaifuta kwa sababu hiyo. Tumeiwekea mwongozo wa kusahihisha.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, kwa kuwa linagusa haki. Shule nyingi za sekondari hazina mwalimu wa sanaa wala muziki. Je, usaili hautakuwa mlango wa watoto wa shule za gharama, waliofundishwa piano na kununuliwa rangi za mafuta? Utakuwa hivyo, kama utapima ufundi uliokamilika. Ndiyo maana nasisitiza kwamba usaili upime uwezo wa kujifunza. Historia ya Makerere inatusaidia hapa. Margaret Trowell alipoanza kufundisha sanaa huko mwaka 1937, wanafunzi wake hawakuwa wamepitia masomo ya uchoraji wa kitaaluma. Alianza na walichokuwa nacho, hadithi walizozijua na maisha waliyoyaona, na kutoka katika shule hiyo wakatokea wachoraji kama Sam Ntiro na Elimo Njau. Orodha ya vitu vinavyokubalika kwenye usaili ipanuliwe pia. Kijana aliyeimba sauti ya tatu katika kwaya ya parokia kwa miaka minane, aliyeongoza kaswida madrasa, au aliyejifunza zeze kwa babu yake Dodoma, ana elimu ya muziki iliyo kamili. Hukwe Zawose, bingwa wa ilimba na zeze za Wagogo, alifundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni TaSUBa. Kama chuo kilimkubali mtu huyu awe mwalimu, msaili hana sababu ya kumtaka mwombaji aje na piano ndipo ahesabiwe kuwa mwanamuziki. Kwa mtoto asiye na fedha, usaili wa namna hii ni nafasi ya kuonesha kile ambacho cheti chake hakikupewa nafasi ya kukionesha.

Wapo pia wanaovuka upande wa pili kabisa na kuuliza cheti ni cha nini. Siti binti Saad alirekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928 bila kupitia shule, na Edward Saidi Tingatinga aliasisi mtindo wa uchoraji unaojulikana duniani kote bila kuingia chuo cha sanaa. Mifano hii ni ya kweli, lakini inajibu swali lisiloulizwa. Hakuna anayehitaji shahada ili awe msanii. Shahada humwandaa mtu kwa kazi ya ziada: kufundisha, kutafiti, kuhifadhi kazi za wengine katika makumbusho, kuandika na kuhakiki, kutunga mitaala na kutetea fedha za sanaa mbele ya wanaozigawa. Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, isingeandikwa na mtu asiyeijua historia ya vita vya Majimaji. Wataalamu kama Penina Mlama na Amandina Lihamba walijenga uwanja wa tamthilia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kuandika na kuigiza, kwa utafiti na jukwaa pamoja. Kwa hiyo ufaulu wa masomo ya kusoma na kuandika ubaki palepale. Na kwa bingwa aliyekomaa mtaani bila vyeti, upo utaratibu wa TCU wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Vyuo vyenye kozi za sanaa vingepaswa kuutangaza kwa sauti kuliko vyuo vingine vyote.

Linabaki suala la gharama, maana mwombaji wa Kigoma hawezi kusafiri hadi Dar es Salaam kwa ajili ya dakika ishirini. Juilliard ya New York huwataka waombaji wa kozi zake nyingi za muziki watume rekodi kwanza, kisha wachache hualikwa kwa usaili wa ana kwa ana. Kwetu hatua ya kwanza ingeweza kuwa video ya simu ya dakika tatu, isiyokatwa wala kuhaririwa, na kwa wachoraji picha za kazi tano pamoja na ukurasa mmoja wa daftari la mazoezi. Hatua ya pili ingefanyika katika vituo vichache vya kanda, kwa wale tu waliopita ya kwanza. Idadi ya waombaji wa kozi hizi inabebeka kuliko ile ya sheria au udaktari, na fedha zitakazotumika kuwasaili ni kidogo zikilinganishwa na mkopo wa miaka mitatu unaompotelea mwanafunzi aliyeingia kozi isiyomfaa.

Kenya imeanza safari yake kutoka upande wa shule: katika mfumo mpya wa sekondari ya juu, ulioanza kupokea wanafunzi wa Gredi ya 10 mwaka 2026, sanaa na sayansi ya michezo ni moja ya njia tatu za masomo. Miaka michache ijayo vyuo vitapokea waombaji wenye majalada ya kazi mikononi, na chuo kisicho na namna ya kuyasoma kitakuwa nyuma ya wanafunzi wake. Vyuo vyetu vianze sasa kwa kutangaza mapema kila kinachopimwa na alama zake, na kwa kuupa usaili uzito usiopungua nusu baada ya mwombaji kutimiza kiwango cha TCU. Nawe unayejiandaa kuomba, usisubiri tangazo. Tunza michoro yako yote, pamoja na iliyoharibika, kwa maana msaili hujifunza mengi katika kosa lililorekebishwa. Rekodi unachopiga au kuimba. Soma tamthilia nzima, si maneno ya mhusika wako peke yake. Na usiyadharau masomo yako ya darasani, kwa sababu bila pointi zile 4 hakuna msaili atakayepata nafasi ya kukusikia.