Usikaze Mpaka Pakauke: Jinsi ya Kutunza Shafti ya Boti

Boti yenye injini ya ndani ina tundu chini ya maji, na wengi wetu hulisahau. Shafti hutoka kwenye gia, hupita ndani ya bomba la tezi, kisha hutokea nje na kushika rafadha. Pale inapopenya ndipo bahari inapotafuta njia ya kuingia. Ukipapuuza, utafua maji kila safari, na siku injini itakapogoma nje ya mwamba wakati wa kusi, roho za abiria zitakuwa shingoni mwako.

Kinachozuia maji ni kamba ya mraba iliyotiwa mafuta. Hukatwa pete kadhaa na kushindiliwa ndani ya kikombe kinachokazwa kwa nati. Wengi wakiona maji yanatona hukimbilia spana na kukaza mpaka pakauke kabisa. Hapo ndipo huharibu. Kamba hupozwa na maji hayo hayo. Ikiyakosa huungua, huwa ngumu na kuichimba shafti. Shafti ikishachimbika, hata kamba mpya haizuii.

Kipimo ni hiki: boti ikienda, matone mawili matatu kwa dakika, ikisimama, yakatike au yapungue sana. Baada ya mwendo wa nusu saa, zima injini uguse kikombe. Kikiwa vuguvugu ni sawa. Kikiwa cha moto usioshikika, legeza nati kidogo. Matone yakizidi, kaza kidogo kidogo huku ukitazama. Unapobadilisha kamba, toa yote ya zamani, na viungo vya pete mpya visikae mstari mmoja.

Kama bomba lako lina kikombe cha grisi, kizungushe mara moja au mbili kila siku ya kazi. Tumia grisi ya baharini isiyooshwa na maji. Oili chakavu ya injini huoshwa upesi na kuchafua maji tunayovulia. Lakini angalia kwanza: beringi ya mpira yenye mifereji hulainishwa na maji yenyewe, na grisi ya kawaida huuharibu mpira wake.

Boti ikipandishwa pwani, kata mishipi iliyojiviringa nyuma ya rafadha. Itikise rafadha juu na chini. Ikicheza sana, beringi imekwisha. Tazama pia zinki: ikiliwa nusu, badilisha, na usiipake rangi, maana kazi yake ni kuliwa na chumvi badala ya shafti. Kunyoosha injini na shafti, hata hivyo, kungoje boti irudi majini, kwa kuwa nchi kavu umbo lake hubadilika kidogo.

Abiria haioni shafti. Nahodha ndiye anayepaswa kufunua ubao na kuitazama kabla ya kung'oa nanga.