Nasaba ya Mti: Funzo la Mueri kwa Wapanda Miti wa Homa Bay

Utangulizi

Tangu Desemba 2022, serikali ya Kenya ilipozindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, idadi ya miche imekuwa wimbo wa kila kaunti. Novemba 13, 2023 taifa zima lilipewa siku ya mapumziko ili wananchi wapande miti. Katika Kaunti ya Homa Bay, ambako vilima vya Gwassi, Wire, Ruri na Homa vimekabiliwa na shoka kwa ajili ya kuni, makaa na mashamba, juhudi hizo ni za kupongezwa. Hata hivyo, lipo swali ambalo ni nadra kuulizwa: mbegu ya mche huu ilitoka wapi, na mama yake ni nani?

Makala hii inanuia kueleza kwa nini swali hilo lina uzito sawa na ule wa idadi ya mashimo yaliyochimbwa. Tutaongozwa na utafiti uliofanywa kuhusu mti mmoja wa misitu ya milimani, kisha tutazame utafiti huo unawaambia nini wakazi wa mwambao wa Ziwa Viktoria.

Mti wenye gome la thamani

Mti wenyewe ni mueri, ambao wanasayansi huuita Prunus africana. Humea katika misitu ya milima ya Afrika, kuanzia Kameruni hadi Ethiopia, na kuteremka kusini hadi Afrika Kusini na Bukini. Gome lake ni dawa ya jadi katika jamii nyingi. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alipata hataza ya dawa iliyotokana na gome hilo, inayotuliza uvimbe wa tezi dume kwa wanaume wazee. Biashara ikapamba moto; miti mingi ikabanduliwa gome pande zote hadi ikakauka ingali imesimama. Mwaka 1995 mueri uliingizwa katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini.

Wahenga walisema kwamba mti mkuu ukigwa wana wa ndege huyumba. Katika kisa cha mueri, ndege huyumba kwa maana halisi, kwani ndege na nyani hula matunda yake na ndio husambaza mbegu zake.

Jinsi ya kusoma nasaba

Kila kiumbe hubeba vinasaba, yaani maelezo ya urithi yanayotoka kwa wazazi kwenda kwa watoto. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuliogopa neno hili. Nasaba ni ukoo, na vinasaba ni vijipande vinavyouhifadhi ukoo huo ndani ya seli.

Mti, kama mtu, una upande wa kuumeni na upande wa kukeni. Chavua, ambayo katika mueri hubebwa na wadudu, ndiyo mchango wa baba. Mbegu hukua juu ya mama. Aidha, ndani ya majani mna vyumba vidogo viitwavyo kloroplasti, ambavyo hunasa nuru ya jua na vina vinasaba vyao. Katika miti mingi itoayo maua, vinasaba hivyo hurithiwa kwa mama peke yake. Kwa hiyo anayesoma vinasaba vya kloroplasti husoma safari ya mbegu, wala si safari ya chavua. Ni sawa na kufuata ukoo wa mtu kwa kuuliza mama, nyanya, na mama wa nyanya.

Bonde la Ufa kama mpaka

Mwaka 2006 Alice Muchugi na wenzake walikuwa wamekwisha kulinganisha vinasaba vya miti ya mueri ya Kameruni na ya Kenya. Mwaka 2011 Caroline Kadu na wenzake wakachapisha utafiti mpana zaidi katika jarida la Molecular Ecology. Walichunguza miti 582 kutoka maeneo 32 katika nchi tisa za Afrika, wakasoma vinasaba vya kloroplasti. Waligundua jambo la kushangaza: miti ya magharibi mwa Uganda ina udugu wa karibu na miti ya Afrika Magharibi, ingawa leo imetenganishwa na maelfu ya kilomita za nyanda za chini. Hii ni ishara kwamba hapo kale, hali ya hewa ilipokuwa tofauti na ya sasa, palikuwa na njia ambayo mbegu ziliweza kupitia kutoka mlima hadi mlima.

Utafiti uliofuata mwaka 2013, uliosoma vinasaba vya kiini cha seli, uligawa mueri katika makundi makuu matano: la Afrika Magharibi, la Afrika Mashariki upande wa magharibi wa Bonde la Ufa la Mashariki, la Afrika Mashariki upande wa mashariki wa bonde hilo, la kusini mwa Afrika, na la Bukini. Maana yake ni kwamba Kenya, nchi moja kisiasa, ina nasaba mbili za mueri. Homa Bay na Migori ziko upande wa magharibi wa mpaka huo. Lori lililobeba miche kutoka nyanda za juu za kati hadi Nyanza huvuka mpaka ambao hauna kizuizi cha polisi, lakini ambao miti yenyewe imeuhifadhi kwa karne nyingi.

Si mueri peke yake

Haitakuwa haki kudai kwamba kila mti una historia hiyo hiyo. Mbegu za siala, mti wa nguzo unaopendwa na Wajaluo, zina mbawa na hupeperushwa na upepo; nasaba yake yahitaji kuchunguzwa peke yake. Lakini kanuni yenyewe imeonekana kwingine. Mwaka 2005 Ramni Jamnadass na wenzake walionyesha kwamba jamii za Sesbania sesban kutoka sehemu mbalimbali za Afrika zinatofautiana sana kivinasaba. Huu ni mti mdogo ambao wakulima wa magharibi mwa Kenya wamehimizwa kuupanda wanapopumzisha mashamba, ili urutubishe udongo na kupunguza kayongo, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama. Mbegu ngeni ikiletwa kwa wingi, huweza kuifunika nasaba ya wenyeji kabla hatujaijua thamani yake.

Hatari ya miche ya ndugu

Tatizo la pili ni uchache wa mama. Mwenye kitalu akiokota mbegu zote chini ya mti mmoja ulio karibu na njia, miche yake elfu moja ni ndugu. Itakapokua na kutoa maua pamoja, itachavushana ndugu kwa ndugu. Wajaluo wanaelewa jambo hili vyema kuliko kitabu chochote, kwani mila yao hairuhusu mtu kuoa ndani ya dhoot, yaani ukoo wake. Mti nao una dhoot yake. Uzao wa ndugu aghalabu hudhoofika, na msitu wenye nasaba finyu hukosa akiba ya kukabili ugonjwa au ukame.

Dalili zimeonekana Kakamega. Utafiti wa Nina Farwig na wenzake wa mwaka 2008 ulilinganisha mieri mikubwa na miche katika msitu huo uliokatwakatwa kwa miongo mingi. Utajiri wa vinasaba vya miche ulikuwa umepungua kidogo ukilinganishwa na wa miti mikubwa. Msitu waweza kuonekana wa kijani, kumbe urithi wake unapungua.

Dawa yake si ghali. Wataalamu hushauri mbegu zikusanywe kutoka miti mama isiyopungua 30, iliyoachana angalau mita 50, kisha zichanganywe kabla ya kusiwa. Wenye vitalu wa Gwassi, Oyugis na Rongo wanaweza kubadilishana mbegu na kuandika daftarini kila mbegu imetoka wapi. Mbegu za mueri hazidumu ghalani, hivyo kuzichukua karibu na kuzisia mapema ni faida maradufu.

Hitimisho

Tafiti zote tulizozitaja zimeandikwa kwa Kiingereza, katika majarida ambayo mwenye kitalu wa Lambwe hatayaona. Yeye husikia kwa lugha anayoielewa agizo moja tu: panda mti. Sababu, kipimo na tahadhari hubaki maktabani. Hapo ndipo wajibu wetu wanafunzi wa Kiswahili unapoanza. Istilahi tunazo: nasaba, chavua, kukeni, kuumeni, mti mama. Kilichopungua ni kuzitoa darasani na kuzifikisha kitaluni, redioni na barazani kwa chifu. Mwaka 2032 ukifika tutahesabu miti. Wajukuu wetu watahesabu ile iliyoweza kuzaa.