Kabambare: Makro ya Excel inaweza kuficha surua, na kosa ni kitufe kimoja tu

Mwanzoni mwa kila wiki, ofisi kuu za zone za afya kusini mwa Maniema, kutoka Kasongo mpaka Kabambare na Saramabila, zinafanya kazi ileile: kukusanya hesabu za wagonjwa. Muuguzi titulaire wa kila aire ya afya anatuma namba zake: surua wangapi, kipindupindu wangapi, wangapi wamekufa. Zingine zinafika kwa foni, zingine kwa simu pale rezo inapopatikana, zingine ziko kwenye karatasi ndani ya mfuko wa mtu wa pikipiki. Zote zinaishia mbele ya mtu mmoja, encodeur, na mashini moja yenye Excel.

Inchi inao mfumo wa DHIS2 kwa taarifa za afya, lakini kwa ufuatiliaji wa magonjwa ya mlipuko wiki kwa wiki, faili ya Excel imebeba kazi kwa miaka mingi. Haiombi intaneti. Inafunguka hata kama courant ni ya panô za jua na betri imebaki nusu. Na kwa sababu kazi ya kila wiki ni ileile, encodeur mwerevu huchoka haraka kunakili mistari ileile kwa mkono, akatafuta njia ya mkato. Njia hiyo inaitwa makro.

Makro ni kama kaseti. Unabonyeza «Enregistrer une macro», unafanya kazi yako mara moja, unasimamisha. Kuanzia hapo mashini inarudia yote uliyoyafanya, kwa sekunde moja, kila ukibonyeza vitufe ulivyochagua. Mtu hahitaji kujua kuandika programu. Excel yenyewe inaandika amri kwa lugha ya VBA, iliyoingizwa ndani yake mwaka wa 1993. Uzuri ni huo. Ubaya ni kwamba kaseti inarudia hata yale ambayo hukukusudia.

Chukua faili yenye kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza unaitwa Wiki: una mistari 20, mmoja kwa kila aire ya afya, kutoka mstari wa 2 mpaka wa 21, na safu sita, A mpaka F. Safu A ina namba ya wiki, safu B jina la aire, nyingine zina visa na vifo. Ukurasa wa pili unaitwa Mwaka, na humo kila wiki mistari ile 20 inaongezwa chini ya mingine. Wiki ya 1 encodeur amenakili kwa mkono, ikakaa mstari wa 2 mpaka wa 21. Wiki ya 2 anarekodi makro: ananakili, anashuka chini ya mstari wa mwisho, anabandika kwenye A22, anarudi ukurasa wa Wiki na kufuta namba ili uwe tayari kwa wiki inayofuata. Anajaribu kuangalia: wiki mbili zote zipo, hakuna kosa. Anafurahi.

Wiki ya 3 anabonyeza vitufe vyake. Skrini inapepesa, namba zinaingia, ukurasa wa Wiki unabaki mweupe. Lakini makro haikukumbuka «chini ya mstari wa mwisho». Ilikumbuka A22. Wiki ya 3 imeketi juu ya wiki ya 2, na wiki ya 2 haipo tena. Wiki ya 4 itaketi juu ya wiki ya 3. Excel haitoi onyo lolote, maana kwa upande wake imetii amri. Tena, kitendo cha makro hakirudishwi kwa Ctrl+Z.

Ni sawa na kumtuma mchanjaji kwenye avenue. Ukimwambia «kila siku gonga parseli namba 22», atamkuta mama yuleyule kila siku, na nyumba zingine zote hazitaonwa. Ukimwambia «gonga mlango unaofuata ule wa jana», atamaliza avenue nzima. Amri ya kwanza ni anwani kamili. Ya pili inahesabiwa kutoka pale mtu aliposimama. Excel inajua zote mbili, lakini bila kuambiwa inarekodi ile ya kwanza.

Sasa weka surua ndani ya faili hiyo. Kizingiti kinachotumika kwenye ufuatiliaji wa surua barani Afrika ni visa 5 vinavyoshukiwa ndani ya zone moja kwa mwezi mmoja: hapo mlipuko unashukiwa na sampuli za damu zinatakiwa kwenda maabara, kwa Congo ni INRB mjini Kinshasa. Visa 3 vikithibitishwa na maabara ndani ya mwezi, ni mlipuko. Tuseme wiki ya 1 haikuwa na kisa, wiki ya 2 ilikuwa na 2, ya 3 na 1, ya 4 na 2, ya 5 na 1. Hesabu ya kweli ni 6, kizingiti kimepitwa. Faili yenye makro mbovu inaonyesha wiki ya 1 na wiki ya 5 peke yake. Jumla: kisa 1. Daktari mkuu wa zone akiangalia mchoro wake ataona mstari umelala kimya, na hakuna atakayeomba chanjo kwa ajili ya mtoto mmoja.

Hiyo ni mfano, lakini surua si mfano. Mlipuko uliotangazwa na serikali mwezi wa 6 mwaka wa 2019 uliisha mwezi wa 8 mwaka wa 2020, na uliua watoto zaidi ya 7,000 wenye chini ya miaka mitano katika inchi nzima. Kusini mwa Maniema wanajua pia thamani ya daftari linalotunzwa vizuri. Ni kwa hesabu zilizokusanywa Kasongo kwamba timu ya Projet Kasongo, iliyofanya kazi na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, ilichapisha katika jarida la The Lancet mwaka wa 1981 utafiti juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wenye miezi 7 mpaka 35. Utafiti huo ulijadiliwa na wataalamu wa dunia kwa miaka mingi.

Wala si shida ya inchi maskini tu. Uingereza, kati ya tarehe 25 mwezi wa 9 na tarehe 2 mwezi wa 10 mwaka wa 2020, visa 15,841 vya Covid-19 vilikosa kuingia kwenye hesabu za kila siku kwa sababu faili za zamani za Excel, zile za .xls, hazipokei zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi ilikatwa kimya. Watu waliokuwa karibu na wagonjwa hao walichelewa kutafutwa.

Dawa ya makro iko kwenye skrini ileile. Katika Excel ya Kifaransa, ambayo ndiyo iko kwenye mashini nyingi za Congo, fungua «Affichage», kisha mshale ulio chini ya «Macros». Humo kuna maneno matatu, na la mwisho ni «Utiliser les références relatives». Likiwashwa, Excel inaacha kuandika anwani na kuanza kuandika mwendo: shuka mstari mmoja, sogea kulia safu mbili. Wengi hawaligusi kamwe, labda kwa sababu halielezi lenyewe kazi yake.

Jambo ambalo mafunzo mengi hayasemi ni kwamba kuliwasha mwanzo mpaka mwisho ni kosa lingine. Makro iliyo «relative» yote inafanya kazi kuanzia popote mshale ulipo. Mtu akiwa amebofya ovyo, itanakili ovyo na kufuta ovyo. Kazi ya encodeur inataka vyote viwili: namba za wiki ziko pahali pamoja daima, lakini pahali pa kuzibandika panasogea. Kitufe hicho kinaweza kuwashwa na kuzimwa katikati ya kurekodi, na humo ndimo siri yote.

Mpangilio unaofaa ni huu. Anza kurekodi kitufe kikiwa kimezimwa. Bofya ukurasa wa Mwaka, bofya A1, bonyeza Ctrl na mshale wa chini: unafika mstari wa mwisho uliojaa. Sasa washa «références relatives», bonyeza mshale wa chini mara moja tu, kisha zima. Nenda ukurasa wa Wiki, chagua A2 mpaka F21, nakili. Rudi Mwaka bila kubofya seli yoyote, maana mshale unangoja palepale ulipouacha, na ubandike kwa «Collage spécial», «Valeurs». Mwisho rudi Wiki, chagua C2 mpaka F21, bonyeza Suppr, bofya C2, simamisha.

Katika yote hayo, hatua moja tu imerekodiwa kwa mwendo, ile ya kushuka mstari mmoja. Bila kitufe, hatua hiyo ingeandikwa Range("A22").Select. Pamoja nacho inaandikwa ActiveCell.Offset(1, 0).Range("A1").Select. Anayefungua amri hizo kwa mara ya kwanza huogopa akiona A1 mwishoni, akidhani makro itarudi juu kabisa. Hapana: hapo A1 maana yake ni seli ya kwanza kuhesabu kutoka pale ulipofika.

Kuna mtego mmoja katika Ctrl na mshale wa chini: unasimama kwenye pengo la kwanza. Kama safu A ina seli moja tupu katikati, makro itabandika hapo, juu ya mistari iliyo chini yake. Kwa hiyo namba ya wiki lazima iandikwe kwenye kila mstari, hata wa aire ambayo haikutuma chochote. Ni desturi nzuri hata bila makro, maana aire iliyotuma sifuri na aire iliyonyamaza si kitu kimoja. Na faili ikiwa mpya, na kichwa cha jedwali peke yake, mshale utaruka mpaka mstari wa 1,048,576, wa mwisho kabisa, kisha Excel italeta kosa 1004 kwa sababu chini yake hakuna kitu. Wiki ya kwanza ya mwaka inabandikwa kwa mkono.

Kupima makro hakuhitaji fundi. Tengeneza nakala ya faili, endesha makro mara mbili mfululizo na namba za uongo, tazama kama mistari imeongezeka 40. Kisha kila wiki kuna hesabu ya kidole: aire 20 mara idadi ya wiki, ongeza 1 ya kichwa. Wiki ya 5, mstari wa mwisho lazima uwe wa 101. Ukikuta 41, kuna wiki zilizofutwa, na namba zinatafutwa upya kwenye karatasi za wauguzi. Karatasi hizo zisichomwe.

Kuhifadhi nako kuna namna yake. Faili ya kawaida, .xlsx, inaitupa makro. Inatakiwa «Classeur Excel prenant en charge les macros», yaani.xlsm. Tangu mwaka wa 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro za faili zilizotoka kwenye intaneti, kwa sababu virusi vingi hupitia humo. Mpokeaji anaweza kuiruhusu kwa «Propriétés», «Débloquer», lakini afanye hivyo kwa faili ya mtu anayemjua tu. Bora zaidi, wakati wa kurekodi, chagua «Classeur de macros personnelles»: makro inabaki kwenye mashini ya ofisi, na faili inayopanda kwenda Kindu inabeba namba peke yake.

Wanaotumia LibreOffice, ambayo ni ya bure, hawatakiona kitufe hicho. Kirekodi chenyewe kimefichwa kwenye «Outils», «Options», «Avancé», na tofauti inafanywa na mkono: ukibofya seli kwa panya inaandikwa anwani, ukitembea kwa mishale ya kibodi unaandikwa mwendo.

Linabaki jambo la uhamisho. Encodeur akipelekwa zone nyingine, makro ya «personnelles» inabaki kwenye akaunti yake, na anayemrithi anakuta vitufe visivyojibu au, vibaya zaidi, vinavyojibu bila yeye kujua vinafanya nini. Mistari miwili kwenye ukurasa wa kwanza wa faili inatosha: vitufe ni vipi, na mstari wa mwisho unatakiwa kuwa wa ngapi wiki hii.