Fyuzi Nzima, Mbona Plastiki Imeyeyuka?

Mwezi uliopita mjomba alinipigia simu. Taa za mbele za pikapu yake zimefifia na kuna harufu ya plastiki kuungua. Gari ni la zamani, waya zimeshaungwa mara kibao. Tukafungua boneti. Soketi inayounganisha waya za taa imekuwa kahawia, upande mmoja umeyeyuka. Fyuzi ya ampea 15? Nzima kabisa.

"Sasa hii fyuzi kazi yake nini, mjomba?" akaniuliza.

Swali zuri. Fyuzi ni kipande chembamba cha metali kinachoyeyuka mkondo ukizidi. Inatukinga na shoti: waya wa chanya ukigusa bodi ya gari, mkondo unapanda ghafla, fyuzi inakatika. Lakini kiungo kilicholegea au chenye kutu hakiongezi mkondo, kinaupunguza! Ndiyo maana taa zinafifia, na fyuzi haioni tatizo lolote.

Joto linatoka wapi basi? Chukua mkondo, uzidishe kwa wenyewe, kisha zidisha kwa upinzani. Taa zetu zilikuwa zinavuta ampea 8. Kiungo kizima kina upinzani unaokaribia sifuri. Kikiharibika hadi omu 0.2 tu, unapata 8 × 8 × 0.2, yaani karibu wati 13. Ni kidogo, ila zote zinaishia kwenye sehemu ndogo kama punje ya hindi. Joto linaleta kutu zaidi, kutu inaongeza upinzani, upinzani unaongeza joto. Pakiwa na mafuta au vumbi karibu, moto hauko mbali.

Kupima ni rahisi. Washa taa, weka mita kwenye volti za DC, ncha moja upande huu wa kiungo, nyingine upande wa pili wa waya uleule. Kiungo kizuri kinasoma chini ya volti 0.1 au 0.2. Chetu kilisoma 1.6. Usitegemee ule mlio wa mita wa kuonyesha waya haujakatika; omu 0.2 nayo inalia vizuri tu.

Kabla ya kukata waya tulifungua betri, tukianza na hasi. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, umetengeneza shoti ambayo mara nyingi haina fyuzi yoyote katikati. Tukaweka soketi mpya, mita ikasoma 0.05, taa zikarudi.

Mjomba alikuwa ameshanunua fyuzi ya ampea 30, "isisumbue". Nilimwomba airudishe dukani. Ukiweka fyuzi kubwa kuliko uwezo wa waya, au ukaiziba kwa karatasi ya sigara, siku ya shoti kitakachoyeyuka kwanza ni waya wenyewe, ndani ya dashibodi, mbele ya magoti yako.