Han Fei Hayuko Upande Wako, Supavaiza

Kila ninapoalikwa kuzungumza na wasimamizi wa viwanda vya nguo pale EPZ, eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje, Athi River, lazima mmoja ainue mkono: "Daktari, si Wachina wa kale walishagundua kwamba mtu asipoogopa hafanyi kazi?" Safari hii muulizaji alikuwa na kitini cha semina. Humo Han Fei, mwanafalsafa wa China ya kale, alitajwa kama bingwa wa "mishiko miwili", adhabu na tuzo, na meneja akashauriwa aukaze zaidi ule wa adhabu. Nimechoka kulijibu swali hili kwa mdomo.

Mishiko miwili ipo, sikatai. Han Fei, aliyefia gerezani katika dola ya Qin, huko China, mwaka 233 KK, aliiandikia sura nzima. Lakini mwandishi wa kitini hakuisoma hiyo sura, au aliisoma akiwa na usingizi. Anayeshikwa kwa mishiko hiyo si mkulima wala fundi. Ni waziri na afisa, yule mtu wa katikati anayemdanganya aliye juu na kumkamua aliye chini. Kwa lugha ya kiwandani, mtuhumiwa wa Han Fei ni wewe, supavaiza.

Anatoa mfano wa nchi ya Song. Waziri Zihan alimshauri bwana wake agawe tuzo mwenyewe, kwa kuwa watu huzipenda, na adhabu, kwa kuwa huchukiwa, amwachie yeye. Bwana akaona amepumzishwa kazi chafu. Haukupita muda, madaraka yakawa ya Zihan. Meneja anayejifungia ofisini na kumwachia supavaiza ukali wote wa laini anarudia kosa hilo hilo. Adhabu inayotoka kwa hasira ya msimamizi, kwa kuwa leo hampendi fulani, Han Fei angeiita wizi wa madaraka.

"Lakini Qin ilikuwa katili." Ilikuwa. Pua zilikatwa, miguu ilikatwa. Ila ukatili ule uliandikwa na kupimwa, na mara nyingi ulimwangukia msimamizi. Mwaka 1975, huko Shuihudi mkoani Hubei, kaburi la karani mmoja wa Qin lilifukuliwa, na ndani yake vikakutwa vipande zaidi ya 1,100 vya mianzi, vingi vikiwa na sheria za kazi yake. Someni zilivyo. Siku 3 za kazi wakati wa baridi zilihesabiwa sawa na 2 za kiangazi. Mwanamke wa kazi ya sindano alihesabiwa sawa na mwanamume mmoja. Kikosi cha kazi ya umma kikichelewa siku 3 hadi 5, adhabu ilikuwa karipio. Siku 6 hadi 10, faini ya ngao moja. Zaidi ya hapo, deraya moja. Mvua ikinyesha, kikosi kilisamehewa. Ng'ombe wa serikali akikonda kwa kulimishwa, mwenye dhamana alichapwa viboko 10 kwa kila inchi ya Kichina iliyopungua mwilini mwa mnyama. Sasa niambieni ni wapi hapo palipoandikwa kwamba tageti ipandishwe saa nane mchana kwa sababu laini imeifikia saa saba.

Msinielewe vibaya nikaonekana nawapigia Qin debe. Waliiunganisha China mwaka 221 KK na kufikia 206 KK dola yao ilikuwa imekwisha. Kasoro kubwa ya Han Fei na wenzake ni kwamba sheria ilimbana kila mtu isipokuwa mtawala, na aliyeadhibiwa hakuwa na mahali pa kumshtaki. Hapo ndipo sheria ya Kenya inapoachana nao, maana humfunga hata mwajiri.

Basi, ya kufanya, upesi. Tageti itangazwe kabla ya shifti na ibaki hapo. Bonasi iliyoahidiwa ilipwe: Shang Yang, waziri wa Qin, aliahidi dhahabu kwa atakayehamisha gogo kutoka lango moja hadi jingine, watu wakashangaa, mmoja akalibeba, akalipwa vipande 50 papo hapo, na tangu hapo neno lake likaaminika. Kanuni za nidhamu ziwe kwa maandishi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 12, inadai hivyo kwa viwanda vikubwa. Kabla ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni, kifungu cha 41: aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, awe na mwenzake au mwakilishi wa chama, asikilizwe. Makato ya mshahara ni yale ya kifungu cha 19, si ya kichwani mwa supavaiza. Mfanyakazi, tunza hati zako za malipo. Ukifutwa isivyo haki, nenda kwa afisa wa kazi ndani ya miezi 3.

Na wale wanaoapa kwamba sheria hizi huishia getini: mpango wa EPZ, ulioanzishwa kwa sheria ya 1990, uliwapa wawekezaji likizo ya kodi ya mapato ya miaka 10. Likizo ya Sheria ya Ajira haimo. Meneja anayetaka kumfuata Han Fei kwa dhati aanze na daftari la masupavaiza: nani alimwadhibu nani, kwa kanuni gani, na ilibandikwa lini ukutani.